Ami Nassor Alivyotufelisha Sote Njia ya Mawaleh

Nimestaafu, na mkanipa pasi ya umeme. Nnashukuru, ingawa nyumbani nnazo mbili, na mume wangu tangu aache kazi anashinda na kikoi. Mkanitaka pia niwaandikie nyinyi mnaoanza jinsi kazi yetu ya kupokea wazee wapya inavyofanywa. Mambo ya vyeo na mishahara mtayauliza ofisini. Mimi ntaeleza yaliyonikuta.

Nilikuja kwenye nyumba yetu hii ya wazee hapa Mawaleh, Maskati, nikitokea skuli moja ya Khuwair ya Kusini, ambako kazi yangu ilikuwa kupokea wazazi waliokuja kulalamika. Nikadhani kupokea wazee itakuwa vivyo hivyo, ila kwa sauti ya juu zaidi. Siku ya kwanza, hata mkoba sijautua, bibi mmoja akanishika mkono pale ukumbini.

"Umechelewa," akasema. "Wali umeshaiva na wageni wanangoja."

Kwa adabu zangu zote nikamueleza kwamba mimi ni Maryam, nimeanza kazi leo, na wageni hakuna. Akanitazama kama mtu aliyemuona paka anasoma gazeti. Nikaeleza tena, taratibu, na nikaongeza tarehe. Akaanza kulia.

Hapo ndipo alipotokea Sista Wanjiru, muuguzi mkuu wa wakati huo, Mkenya wa Nakuru, mfupi, mwenye viatu vya mpira vilivyokuwa vikilia kwenye vigae kila anapokwenda. Hakuniuliza kitu. Akamwambia yule bibi, "Pole mama, huyu alishikwa na foleni. Hebu nionyeshe, tunapakulia wapi?" Bibi akafuta machozi, wakaongozana jikoni kama watu wa harusi moja.

Baadaye akaniita pembeni. "Maryam, wewe unataka kushinda ama unataka mama akule?"

"Nnataka ale."

"Basi wacha kushinda."

Mafunzo yangu yalikuwa hayo. Mengine niliyofundishwa wiki ile yalihusu mashine ya kufotokopi, ambayo nayo mtu hapaswi kubishana nayo.

Vifaa vya kazi hii havinunuliwi dukani kwa wingi. Chupa ya kahawa iliyojaa, sahani ya halwa, na mtu mwenye subira wa kukaa navyo. Mwambieni mtoto wa mzee asiifue foronya ya baba yake kabla ya kuhama, mto uje na harufu yake. Chumba kitandikwe mapema kwa shuka zake mwenyewe, na saa yake ya ukutani itundikwe hata kama imekufa. Mabegi yasifungwe mbele yake. Mzee ahamishwe asubuhi akishakunywa chai, kwa sababu jua likianza kushuka wengi wao huchafukwa na kutaka kwenda kwao, hata wale walioko kwao. Na asindikizwe na watu wawili, basi. Nilishampokea mzee mmoja aliyekuja na ukoo mzima, magari yamepanga msururu mpaka njia kuu. Aliposhuka akauliza nani kafa.

Sasa niwaambie habari za Ami Nassor, maana yeye alinifundisha zaidi kuliko wote, na alinifelisha pia.

Alinipigia simu binti yake, Asya, anayekaa naye Al Amerat, ng'ambo ya milima. Akasema baba yake ana maradhi ya kusahau na yeye hawezi tena. Alilisema hilo la pili kama mtu anayekiri wizi. Nikamwambia ntakuja nimuone.

Nilipofika nikapaki gari nje ya geti. Palikuwa na mzee mrefu amesimama hapo, kanzu nyeupe pe, kofia imekaa sawa, mikono nyuma. Akalizunguka gari langu lote, akainama kutazama matairi, akasimama mbele ya dirisha langu.

"Hili umelipaki au umeliangusha?"

"Nimelipaki, Ami."

"Nani kakupa leseni?"

"Nimeipata zamani."

"Basi siku hiyo mimi nilikuwa likizo," akasema, akaingia ndani.

Asya akanieleza kwamba baba yake maisha yake yote ya kazi alikuwa mtahini wa leseni za udereva. Mtihani wa kwanza hapa kwetu, kama mnavyojua, ni ule wa kurudi rivasi baina ya mapipa bila kuligusa hata moja, na nusu ya watu wazima wa Maskati wana kisa cha mtahini aliyewafelisha. Kwa wengi wao mtahini huyo alikuwa yeye. Mkewe alikuwa ameshafariki. Jina la Asya lilikuwa likimpotea, mara alimwita kwa jina la dada yake, mara kwa la mkewe. Lakini mtihani haukumtoka hata kidogo.

Asya aliacha kazi yake ya ualimu ili amtazame. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, na katikati ya maneno alikuwa akisimama kutega sikio. Usiku alitandika godoro mbele ya mlango mkubwa na kulala hapo, ili baba akitaka kutoka amkanyage.

"Nalala kama zulia, Bi Maryam," akaniambia. "Na nikilala kweli ndiyo mambo huharibika."

Yaliharibika wiki moja baada ya mimi kufika. Baada ya sala ya alfajiri Asya alipitiwa na usingizi, na Ami Nassor akamruka kwa hatua ndefu, kama mtu anayeruka mfereji. Akateremka mpaka barabara ya mlimani, akasimama katikati, akainua mkono. Gari ya mwanzo kufika ilikuwa pikapu ya matikiti. Dereva akaona kanzu safi na mkono ulioinuliwa kwa uhakika wote, akasimama. Ami akampangia mawe mawili kandoni, akamwamuru arudi rivasi baina yake. Dereva akatii. Ukiisikia ile sauti ya Ami Nassor utatii na wewe. Kwenye kurudi, gurudumu likapanda jiwe, mlango wa nyuma wa pikapu ukafunguka, na matikiti yakaanza safari ya kuteremka mlima yenyewe. Lori lililokuwa likipanda likafunga breki likasota, likaja kusimama karibu na Ami kiasi cha kumpepea kanzu.

"Na wewe umefeli," akamwambia dereva wa lori.

Askari aliyekuja alikuwa mtu mzima. Alipomuona akatengeneza kofia na kusimama wima, maana naye aliwahi kurudia mapipa mara kadhaa mbele ya mzee huyo huyo. Akamrudisha nyumbani kwa heshima, amemkalisha mbele. Njia nzima, Asya aliniambia, askari aliendesha mikono miwili usukanini.

Tuliicheka hadithi hii hapa miaka na miaka. Lakini siku ile Asya aliponisimulia hakucheka hata mmoja wetu. Lori ni lori.

Chumba tulikuwa nacho. Aliyekuwa hataki ni kaka mtu, Khalfan, anayekaa na kufanya kazi Khuwair ya Kusini, kwenye ofisi ya bima. Alikuja kuniona amejifukiza udi mpaka mafaili yangu yakanukia.

"Bi Maryam, watu watasema Nassor hana watoto."

"Watu gani?"

"Watu."

"Wanakuja kulala mlangoni badala ya Asya, watu hao?"

Akasema kwamba Asya anakuza mambo, kwamba baba akizungumzishwa vizuri anatulia, na kwamba mwanamume na baba yake wanaelewana. Hili hulisikia kila mwaka kutoka kwa watoto wanaokuja Ijumaa kula chakula cha mchana na kuondoka. Msibishane nao. Mimi nikamwambia tu, "Basi mpumzishe mwenzio. Ahamie kwa shangazi yenu mwisho wa wiki, wewe ukae na baba." Akakubali, na akanitazama kwa huruma kwamba mambo yenyewe ni mepesi namna hii.

Jumamosi asubuhi nikampigia. Akajibu kwa kunong'ona.

"Uko wapi, Khalfan?"

"Nimo garini."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi. Narudi rivasi. Tangu jana." Nikasikia sauti nyuma yake ikisema alitazame lile pipa. "Bi Maryam," akaniambia, "kile chumba bado kipo?"

Tukakaa sisi watatu kupanga siku. Khalfan akataka tumwambie baba kwamba anapelekwa hoteli. Nikakataa, kwa sababu hoteli mtu huondoka, na kila asubuhi angekuja kwangu kudai mizigo yake. Asya akataka amueleze kila kitu tangu mwanzo, kwa haki. Hilo nalo nikalikataa. Ukimueleza, sababu ataisahau kabla ya chakula cha mchana, lakini huzuni itabaki na yeye hatojua imetoka wapi. Tukakubaliana kusema kidogo na kusema kweli: tunakwenda Mawaleh, kuna kahawa, na Asya na Khalfan wapo.

Siku yenyewe ikaanza vizuri mno. Ami Nassor amekunywa chai, hali ya hewa imetulia, na kuingia garini hakubembelezwa hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kiti cha mbele cha abiria, akafunga mkanda, akaweka mikono magotini. Khalfan akashika usukani, mimi na Asya tukakaa nyuma. Mimi nikajipongeza kimoyomoyo. Sikufikiri kwamba kiti kile ndicho kiti cha mtahini.

"Ondoa gari," akasema Ami.

Tukapanda mlima, tukaanza kuteremka. Khalfan alikuwa akitoka jasho kama kijana wa miaka kumi na minane. Kwenye kona moja akasahau indiketa.

"Simama pembeni."

"Baba, hapa si pahala pa..."

"Simama pembeni. Umefeli. Shuka."

Mtu mzima, mkuu wa ofisi, kanzu ya kudarizi shingoni, akashuka. Akaingia nyuma, akakaa baina yetu akiwa amekunja magoti. Asya akashika usukani. Yeye aliendesha vizuri, lakini kwenye mzunguko wa barabara chini ya mlima akamuuliza baba yake kama jua linampiga.

"Dereva hazungumzi," akasema Ami. "Umefeli. Shuka."

Nikabaki mimi. Nikaingia kwa kujiamini, maana nimeendesha gari umri wangu wote bila kugonga hata kuku. Nikatazama vioo, nikaonyesha indiketa, nikaenda kwa utaratibu kamili.

"Unaendesha kama umebeba mayai," akasema. "Watu nyuma yako wana kazi. Simama. Umefeli."

Tukasimama karibu na stesheni ya petroli. Watahiniwa wote tumeshafeli, na Ami Nassor hakuwa tayari kuendeshwa na mtu aliyefeli. Nilipogusa ufunguo akaniwekea mkono wake juu, mkono mkubwa, mkavu. Jua likapanda. Akaanza kutazama huku na huku, na sauti yake ikaanza kubadilika.

"Wako wapi wengine? Watu wangu wako wapi?" Kisha akafungua mkanda. "Ntaendesha mwenyewe."

Hapo pakawa hapana mzaha. Magari yalikuwa yakipita kwa kasi upande wa mlango wangu, na yeye alitaka nishuke anipishe. Nyuma, Asya alikuwa amemshika kaka yake mkono wa kanzu, analia bila sauti. Nilitoa ufunguo nikauficha chini ya paja, nikampigia simu Sista Wanjiru.

"Sista, tumefeli sote."

"Kufeli nini?"

Nikamueleza kwa ufupi. Nikasikia viatu vyake vikiacha kulia.

"Sasa Maryam, mtu akifeli mtihani kwenu hufanya nini? Si hurudia? Muombe marudio."

Nikaiweka simu chini. Nikamgeukia Ami Nassor, na kwa sauti ile ile niliyoitumia nikiwa msichana mbele ya mtahini wangu, nikasema, "Ami, mimi nataka kurudia. Wapi nirudie?"

Akanitazama. Nikaona macho yake yanatafuta kitu, yanakipata.

"Marudio hayafanywi barabarani," akasema. "Uwanjani. Kwenye mapipa."

"Tutafikaje uwanjani?"

Akaipima barabara kwa macho. "Wewe utatupeleka. Kwa ruhusa maalumu. Usiende kama mayai." Akafunga mkanda.

Nyumba yetu ina mapipa. Mnayajua, yale ya taka, ya kijani, nyuma ya jiko. Tulipofika, Sista Wanjiru alikuwa ameshayasukuma mpaka katikati ya uwanja wa kupaki, ameyapanga safu mbili, na wazee wanne wamekaa kwenye viti barazani na kahawa zao. Hakuna aliyewaita. Wazee wana pua ya mambo haya.

Ami Nassor akashuka. Akalitengeneza pipa moja kwa mguu kidogo tu, akainua mkono. Nikarudi mimi, nikapita, nikaambiwa nimefaulu kwa shida. Akarudi Asya, safi kabisa, na barazani wakapiga makofi. Kisha Khalfan. Baba yake alimwelekeza kwa vidole viwili, kulia kidogo, kushoto kidogo, na Khalfan, ambaye mwisho wa wiki mzima hakufanya kazi nyingine, akaligonga pipa la mwanzo, la pili, na mtungi wa nanaa wa Sista Wanjiru.

"Huyu," Ami akamwambia Wanjiru, "anahitaji muda."

"Naona, Mzee. Na hapa kuna dereva wetu pia, huyo ni mbaya zaidi. Ingia basi tunywe kahawa tuongee vile utanisaidia."

Akaingia. Alipopita mlangoni hakugeuka nyuma. Kahawa ikamiminwa, halwa ikakatwa, na mzee mmoja wa barazani akaanza kumlalamikia kwamba aliwahi kufelishwa na mtu anayefanana naye. "Ulistahiki," akajibu Ami, na hapo wakawa marafiki.

Sehemu ngumu ya siku anayohamishwa mzee huja baada ya mambo kwenda vizuri. Asya alikuwa tayari kukaa ikiwa baba yake atalia. Hakulia, na yeye hakujua afanye nini. Alisimama uwanjani katikati ya mapipa na mfuko wenye kandambili za baba mkononi, anataka kumpelekea mwenyewe, na anaogopa akiingia atamtibua. Nikampokea mfuko. Khalfan akamfungulia mlango wa gari.

"Mimi ndiye niliyekuwa nasema watu watasema," akamwambia dada yake. "Waje waniambie mimi."

Asya akaingia garini. Khalfan alitoka uwanjani kwa mbele.

Siku za mwanzo Ami Nassor alichafukwa jioni, kama wote. Alimtafuta mkewe. Wanjiru alimwambia amuhadithie habari zake, naye akahadithia mpaka akachoka. Mchana alikuwa na kazi: kila aliyekuja kutazama jamaa yake alipaki mbele yake. Jamaa waliokuwa wakisema Nassor hana watoto nao wakaja kutazama, wakaambiwa warudi wapaki upya, na baada ya hapo hawakusema tena. Daktari wetu akawa anaegesha gari mtaa wa pili na kuja kwa miguu.

Asya nilimkataza kuja kwa muda kidogo, halafu akaanza kuja kila siku, na bado alikuwa na macho yale yale mekundu. Alisema kitanda chake mwenyewe kimemshinda. Akilala anasikia mlango.

Siku moja kabla ya chakula cha mchana alikuja akakaa kwenye kiti chumbani kwa baba yake. Mimi nilikuwemo, natengeneza pazia. Ami Nassor akamtazama kwa muda. Siku hiyo hakumjua kabisa, wala kwa jina la dada yake wala la mkewe.

"Wewe umechoka," akamwambia. "Kwenu hawakuambii ulale?"

"Hawaniambii," akasema Asya.

"Basi lala hapo." Akamuonyesha kitanda chake.

Asya akanitazama mimi, nikamfanyia ishara atii. Akajinyosha juu ya shuka, akaweka kichwa kwenye mto wa baba yake, na kabla sijamaliza pazia alikuwa anakoroma. Ami Nassor akaniashiria nitoke. Akatoka na mimi, akaurudisha mlango polepole, akavuta kiti cha koridoni akakiweka mbele ya mlango, akakaa, mikono magotini.

Akaja msichana wa jikoni na sinia ya chakula, akarudishwa. Akaja daktari, akarudishwa. Khalfan akaja na mkungu wa ndizi kutoka sokoni, akaambiwa asimame hapo hapo, na viatu vya Sista Wanjiru vikaambiwa vivuliwe. Tukajazana koridoni sote, Wanjiru na soksi zake, wali unapoa mikononi mwetu, hakuna anayethubutu kusogea.

"Mna adabu gani nyinyi," akatunong'oneza Ami Nassor. "Mtoto amelala."